Msaragambo wa kumwaga jamvi la kanisa: tuupange vipi uwe ibada kweli?

Katibu wa Ujenzi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Usharika wetu umefika hatua ya jamvi, yaani sakafu ya zege ya chini. Jengo ni mita 10 kwa 20, moramu imeshashindiliwa na nailoni ipo tayari. Baraza la wazee limekubali washarika wamwage zege wenyewe siku za Jumamosi, na mchungaji anasisitiza iwe ibada, isiwe njia ya kubana matumizi tu. Naomba msaada kwa mambo matatu. Kazi zipi wapewe washarika na zipi abaki nazo fundi? Jamvi ligawanywe vipi lisije likapasuka? Na ibada yenyewe inaingia wapi, maana wengine wanaona sala ya kufungua na ya kufunga zinatosha.

Fundi Timazi

Amina, Katibu. Naanza na hesabu, kwa sababu humo ndimo msaragambo mwingi unamoharibikia.

Mita 10 kwa 20 kwa unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 20. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni kama mifuko 130 ya saruji. Msithubutu kuimaliza siku moja kwa mikono. Gawanyeni vipande 10, kila kimoja mita 5 kwa 4, mkizungushia mbao za inchi 2 kwa 4 zilizosimamishwa. Ile inchi 4 ndiyo unene wenu. Kipande kimoja kinakula mifuko 13. Mwageni kwa kuruka, kama vyumba vya ubao wa drafti, na kipande cha jirani kisubiri walau wiki. Zege husinyaa linapokauka. Msipoliwekea viungo vya kutenganisha vipande, litajichagulia lenyewe pa kupasukia.

Vipimo: pigeni maboksi ya mbao yasiyo na kitako, kwa ndani sentimita 40 kwa 35, kimo 25. Hapo ni lita 35, ujazo wa mfuko mmoja wa kilo 50. Kila mfuko, boksi 2 za mchanga na boksi 4 za kokoto za robo tatu ya inchi, juu pakwanguliwe kwa ubao. Msipime kwa beleshi. Beleshi la kijana saa 1 asubuhi si beleshi la kijana huyo huyo saa 5.

Mchanga upimwe kabla haujalipiwa. Tia kwenye chupa nyeupe inayoonesha ndani pamoja na maji na chumvi kidogo, tikisa, acha utulie. Mchanga ukiwa sentimita 10 na tope la juu yake likapita milimita 8, rudisheni lori.

Kuchanganya kufanyike juu ya bati bapa au sakafu ngumu, kamwe si juu ya udongo. Saruji na mchanga vigeuzwe vikavu mara tatu mpaka rangi iwe moja, ndipo kokoto, ndipo mfungue kisima katikati na kutia maji kidogo kidogo. Maji ni lita 25 hadi 28 kwa mfuko. Mchanga ukiwa umenyeshewa, anzeni na 20 mkiangalia. Hapa ndipo wanaojitolea hukosea zaidi kuliko popote. Zege zito linachosha mikono, basi mtu mwenye nia njema kabisa anaongeza nusu ndoo ili lilainike. Maji hayo yakiondoka yanaacha vitundu, na sakafu itatoa vumbi kila ikifagiliwa, miaka nenda miaka rudi, na kuchubuka benchi zikiburutwa. Ndoo ya maji apewe mtu mmoja mwenye msimamo, mwingine asiiguse. Kipimo cha mkono: kamata zege, bana. Likishikana na kiganja kikabaki kimelowa bila maji kuchuruzika, linatosha.

Zege lililotiwa maji liwe limelala mahali pake ndani ya saa moja. Likianza kukaza msilifufue kwa maji, litupeni.

Fundi abaki na upimaji wa kimo kwa mpira wa maji, mbao za pembeni, kusawazisha na kupiga niru (saruji laini ya juu). Baadaye nguzo, lenta (boriti ya juu ya milango na madirisha) na kenchi za paa ni zake pia. Asipande mshiriki yeyote kwenye kenchi, hata awe na moyo kiasi gani. Washarika wana kazi tele: kuchekecha mchanga, kujaza maboksi, kuchanganya, mnyororo wa makarai, kumwagilia.

La afya: mabuti ya mpira na glavu ni lazima. Saruji mbichi inaunguza ngozi polepole na mtu anaweza asisikie mpaka jioni. Mtu asipige magoti juu ya zege. Watoto wakae mbali na bati la kuchanganyia.

Katekista

Tumsifu Yesu Kristo. Nijibu lile la tatu.

Hapa lugha yetu inatusaidia. Neno ibada limetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake una ndugu katika Kiebrania cha Agano la Kale. Katika Mwanzo 2:15 Adamu anawekwa bustanini ailime. Kitenzi kile kile ndicho kinachotumika katika Kutoka 3:12, watu watakapomwabudu Mungu mlimani. Kulima na kuabudu, neno moja.

Kisha someni Kutoka 31. Mungu anamwita Bezaleli kwa jina na kumjaza roho yake ili ajue kuchonga mawe, mbao na dhahabu. Sura ya 35 inaongeza kwamba yeye na Oholiabu walipewa pia moyo wa kufundisha. Kwa hiyo fundi wenu siku hiyo ni mwalimu: kila kituo aoneshe mwenyewe bechi (mchanganyiko) la kwanza, watu watazame mikono yake, ndipo waanze.

Tazameni tena kinachofuata katika ile sura ya 31: amri ya Sabato. Hata ujenzi wa hema la Bwana wenyewe ulikuwa hauna ruhusa ya kuivunja. Kipande chenu kipimwe kiishe Jumamosi kabla ya saa 6 mchana, kisije kikaburuzwa hadi Jumapili.

Sala iwe kabla maji hayajagusa saruji, maboksi yakiwa yamejaa na watu wamesimama vituoni. Dakika kumi zinatosha. Mkitaka neno, someni Nehemia 3. Wengi huiruka kwa sababu ni majina matupu, lakini ni daftari la msaragambo: nani alijenga sehemu ipi na jirani yake ni nani. Wamo wafua dhahabu, yumo mtengeneza marhamu, yumo Shalumu pamoja na binti zake. Na wakuu wa Watekoi wameandikwa kuwa hawakutia shingo zao kazini. Ninyi nanyi kila jumuiya ipewe kipande chake, iandikwe daftarini.

Katibu wa Ujenzi

Nimewaelewa vizuri, asanteni. Kumwagilia Jumapili nako je, si kazi? Na wazee wasioweza beleshi wafanye nini?

Katekista

Luka 13:15: ng'ombe hufunguliwa siku ya Sabato akanyweshwe. Zege nalo linakunywa. Jumuiya yenye kipande imwagilie asubuhi kabla ya ibada, mchana, na jioni.

Fundi Timazi

Na naomba hilo la kumwagilia lipewe heshima kuliko siku yenyewe ya kumwaga, kwa sababu Jumatatu hakuna nyimbo wala chai. Siku 7 kamili, asubuhi, mchana na jioni. Afadhali zaidi funikeni kwa magunia yaliyolowa au mchanga wa sentimita 3 unaobaki na unyevu. Zege likikauka siku ya pili linaacha kukomaa kabla ya wakati, na kulimwagilia wiki inayofuata hakurudishi kilichopotea. Hii ndiyo kazi ya wazee wetu, Katibu: wanakaa karibu na hawasahau.

Mama Mhazini

Wapendwa, naongeza la fedha. Wakolosai 3:23 husomwa sana siku za msaragambo, tufanye kwa moyo kama kwa Bwana. Tusisahau kwamba maneno hayo yaliambiwa watumwa, na mistari michache mbele, 4:1, mabwana wanaamriwa kuwapa haki na adili. Fundi alipwe siku ile ile, kiasi kilichokubaliwa kwa maandishi. Akitaka kutoa siku yake iwe sadaka, aliseme mwenyewe bila kuombwa mbele za watu. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele.

La pili ni sadaka ya vifaa. Katika Kutoka 36 watu walileta mpaka Musa akatangaza waache. Nanyi tangazeni kiwango. Saruji ya miezi mitatu stoo imeshapungua nguvu, na yenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole haifai kabisa. Pokeeni mifuko ya Jumamosi mbili tu, ilale juu ya mbao, isiguse ukuta, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Sadaka zinazobaki pokeeni kama fedha.

Tofali za sadaka nazo zipimwe bila aibu. Tofali la inchi 6 ni kama lita 15. Anayesema mfuko mmoja umempa tofali 40 ametawanya lita 35 za saruji kwenye lita 600. Kwaruza kwa msumari: likichimbika kama biskuti, lipelekwe kwenye njia ya miguu, si ukutani. Mtoaji aelezwe kwa upole, faraghani.

Mtunza Stoo

Kwa wale wanaodhani daftari la vifaa si jambo la kiroho: Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ambayo watawa wa Peramiho na Ndanda wanaishi kwayo pamoja na karakana zao, inamtaka abate katika sura ya 32 awe na orodha ya vifaa, ajue anachotoa na anachopokea. Sura ya 31 inasema vyombo vyote vitazamwe kama vyombo vitakatifu vya altare. Kwa jamvi maana yake ni hii: karai, mwiko na beleshi vioshwe kabla zege halijaganda, vihesabiwe, vitiwe sahihi. Tengeni pipa la maji la kuoshea peke yake, lisichanganywe na la kuchanganyia.

Katibu wa Ujenzi

Mungu awabariki. La mwisho: mvua ikitukuta katikati ya kipande?

Fundi Timazi

Turubai liwepo kabla ya bechi la kwanza, na mirunda ya kulinyanyua lisiguse uso. Mvua ikianza, acheni kuchanganya. Pigeni ubao wima mahali zege lilipofikia, likatike wima, lisiachwe likitelemka kama mteremko. Lililolala lifunikeni. Mvua ikipita, maji yaliyotuama ondoeni kwa sponji au kwa kuyakokota na ubao. Msinyunyize saruji kavu ili yakauke, maana ngozi hiyo itabanduka. Siku mtakapoendelea, kwaruzeni ule uso wima kwa brashi ya waya, lowesheni, pakeni uji mzito wa saruji, ndipo mmwage.