Jina Timur: la Kiarabu au la Kituruki?

Swali
Wakuu, nakutana na Timur, Temir, Demir na Taimur. Je, ni jina moja? Wengine wanasema limetokana na "tamr", yaani tende, wengine kwamba maana yake ni kiwete. Lipi sahihi?

Jibu la 1
Ni jina moja, la lugha za jamii ya Kituruki (Kiuzbeki, Kikazaki, Kituruki cha Uturuki na nyinginezo), na maana yake ni chuma. Tende haihusiki kabisa: kwa Kiarabu tende ni تمر, ila jina huandikwa تيمور, lina yaa na waw ndani yake. Neno hili ni la zamani mno. Jiwe la kumbukumbu la Kül Tegin, mwanamfalme wa Waturuki wa kale, lililosimamishwa mwaka 732 katika bonde la Orkhon, Mongolia, linataja Temir Kapig, Lango la Chuma, ambalo ni njia nyembamba ya milimani kusini mwa Samarkand, Uzbekistan ya leo.

Matamshi ndiyo yaliyogawanyika. Wauzbeki husema Temur, Wakazaki na Wakirgizi Temir, Watatari Timer, Waazeri Teymur. Huko Uturuki t ya mwanzo iligeuka d, ndiyo Demir, ingawa watoto huko huitwa Timur pia.

Jibu la 2
Hilo la kiwete ni lakabu ya mtu mmoja. Amiri Timur (1336–1405), mtawala na mtekaji wa Asia ya Kati, aliumia mguu na mkono wa kulia, Waajemi wakamwita Timur-i Lang. "Lang" ndiyo kiwete. Wazungu wakayaunganisha yakawa Tamerlane. Kaburi lake lilipofunguliwa Samarkand Juni 1941, mwanaanthropolojia wa Kisovieti Mikhail Gerasimov aliyakuta majeraha hayo kwenye mifupa. Kazakhstan bado wanawaita wavulana Temirlan kwa fahari, wakimkumbuka mtawala, si mguu wake.

Jibu la 3
Naongeza kuhusu Taimur. Waarabu wamelipokea: Oman ilitawaliwa na Sultani Taimur bin Feisal (1913–1932), kisha mwanawe Said bin Taimur hadi 1970. Kulitumia hakulifanyi kuwa la Kiarabu.

Kwa nini chuma? Wazazi humwombea mtoto ugumu na uhai. Jamii za Kituruki zina majina mengi ya dua kama hiyo, hasa pale watoto waliotangulia walipofariki: Tursun, "na abaki", O'lmas, "hafi". Bolat, chuma cha pua, limo kundi moja na Temir. Ukikuta Temirbek au Bektemir, hiyo "bek" ni cheo, bwana. Yaweza kukaa mbele au nyuma.