Tupeane uzoefu: vuli yako ya kwanza masomoni ughaibuni, na mafungo yaliyokushika mkono

Wa Machame, Leipzig

Wapendwa, habari za huko mliko.

Kila ikifika Oktoba napokea simu za wadogo zangu waliotua Ulaya mwezi uliotangulia, na maswali yao karibu yote ni ya makaratasi: kujiandikisha anwani manispaa, bima ya afya, ile akaunti ya benki iliyozuiwa ambayo mwaka 2025 Ujerumani ilitaka ionyeshe yuro 11,904 za mwaka mzima. Hayo yana majibu na anayeuliza huyapata. Ninaloomba tulizungumze hapa ni upweke unaokuja baada ya makaratasi kwisha, maana hapo ndipo nimeona vijana wenye akili nzuri wakizama.

Kwangu ulikuja Jumapili ya mwisho ya Oktoba, siku saa zinaporudishwa nyuma. Jumamosi nilikuwa nyuma ya Tanzania kwa saa moja, kesho yake zikawa mbili, na jua likazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Nilizoea kumpigia mama nikitoka maabara; sasa nikitoka, ameshalala. Jirani yangu hosteli alikuwa kijana mwema, lakini marafiki zake ni wale wa tangu shule ya msingi. Ijumaa wanafunzi wengi wa hapa hupanda treni kurudi kwao, na jengo zima hubaki na sisi wageni, kila mtu nyuma ya mlango wake.

Mimi ni mtoto wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na bibi alikuwa akilitaja jina la mji huu kama mtu anavyotaja kwa wajomba. Kwa hiyo nilikuja na matarajio. Ibada ya kwanza niliyohudhuria nilikuta wazee wachache, kila mmoja na benchi lake, na ilipokwisha waliondoka bila mtu kumsalimu mwenzake. Iliniuma sana.

Kilichonifungulia njia ni kanisa la Nikolai. Kila Jumatatu saa kumi na moja jioni wana maombi ya amani, yaleyale yaliyotangulia maandamano ya Oktoba 9, 1989 dhidi ya serikali ya Ujerumani Mashariki, watu kama 70,000 wakaingia barabarani na risasi haikulia. Nilikwenda kwa ajili ya historia. Nikatoka na karatasi ya jumuiya ya wanafunzi: mafungo ya wikiendi (siku za kujitenga kwa sala), Novemba, Volkenroda, mchango ambao hata mwenye kazi ya kuosha vyombo mgahawani anaumudu.

Volkenroda ni kijiji cha Thüringen chenye monasteri ya zamani ya Wasisteria, shirika la watawa Wakatoliki. Pembeni ya kanisa la mawe kuna jengo la chuma na vioo lililojengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya Hannover mwaka 2000, kisha likahamishiwa hapo. Kuta za ushoroba wake ni vioo viwili viwili, na katikati wamejaza vitu vya dunia hii: mianzi, makaa, vifaa vya kiwandani. Nilisimama mbele ya ile mianzi muda mrefu.

Utaratibu wao: Ijumaa chakula cha jioni, sala fupi, kisha ukimya mpaka kifungua kinywa. Sisi mafungo yetu yana kwaya, mahubiri marefu na mkesha. Hapa hamna kipaza sauti. Usiku ule nilikasirika kimoyomoyo. Nimesafiri kuukimbia ukimya wa hosteli, nao wananiletea mwingine! Lakini asubuhi nilielewa kwamba huu ni wa namna nyingine. Hosteli unanyamaza kwa kuwa hakuna wa kusema naye. Hapa watu ishirini na kitu wananyamaza pamoja, mmoja anakusogezea mkate, mwingine anakumiminia chai kabla hujaomba.

Kisha zamu za jikoni. Nawasihi wanaokwenda: msikwepe zamu za jikoni. Mimi na Mkorea mmoja na binti wa Chemnitz tulikausha sahani zote za Jumamosi, na ndipo nilipoulizwa kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi hii wazazi wangu wanafanya nini, na baba anaumwa nini. Jioni tuliimba tenzi ambazo sauti zake nazijua tangu kwaya ya watoto. Nikashika besi bila kuhitaji kitabu, maneno nikaweka ya Kiswahili, na hakuna aliyegeuka kunishangaa.

Tuliporudi, binti wa Chemnitz alinialika Novemba 11 kuwasindikiza watoto wa mtaani kwake na taa za karatasi, sikukuu ya Mtakatifu Martin. Nilianza kuwa na mahali pa kwenda.

Karibuni. Msiandike tu kwamba "ilikuwa nzuri". Semeni mlikula nini, mlilala wapi, nani alikuiteni kwa jina.

Nyar Kisumu, Lyon

Asante ndugu kwa kuanzisha. Mimi ni Mkatoliki kutoka Kisumu, nasoma uhandisi wa maji. Yangu ilikuwa Taizé, kijiji cha Ufaransa chenye jumuiya ya mabradha watawa, wikiendi ya Watakatifu Wote.

Kutoka Lyon unapanda treni hadi Mâcon, halafu basi linapita mashamba ya mizabibu na ng'ombe weupe hadi kilimani. Bradha Roger, mwanzilishi wao, alifika kijiji hicho mwaka 1940 wakati wa vita, akiwa Mprotestanti wa Uswisi, na leo mabradha ni Wakatoliki na Waprotestanti wa nchi nyingi wanaoishi pamoja. Hawapokei sadaka kwa ajili yao wenyewe. Wanaishi kwa kazi ya mikono, hasa vyombo vya udongo. Hilo peke yake lilinigusa, kwa sababu nimetoka mahali ambapo ibada haiishi bila bahasha kupitishwa.

Sala ni mara tatu kwa siku. Kengele zikilia, kila mtu anaacha alichoshika. Ndani hakuna viti kwa wengi wetu, unakaa sakafuni, na nyimbo ni mstari mmoja au miwili inayorudiwa hadi inakuingia kwenye pumzi. Katikati kuna ukimya wa dakika kadhaa, na ndani yake maelfu ya vijana, maana shule za Ufaransa na sehemu za Ujerumani huwa likizo. Wewe wa Leipzig umesema ulikasirika, mimi nililia. Nyanya yangu alikuwa amezikwa Septemba na sikuwa na nauli ya kurudi. Kwetu msiba haumalizwi kwa simu. Pale sakafuni, Ijumaa usiku, wanalaza msalaba chini na watu wanakuja kwa magoti kuweka paji la uso juu ya mti wake. Nikangoja zamu yangu. Nikamweka nyanya pale.

Chakula: bakuli, kijiko, basi. Hakuna uma wala kisu. Dengu, mkate, tufaha, chai jioni. Mwenye njaa abebe karanga zake. Mahali pa kulala ni vyumba vya vitanda vya ghorofa, baridi inaingia, kwa hiyo begi la kulalia ni lazima na soksi za sufu mbili.

Walinipa kundi la kuzungumza Biblia pamoja na Mpolandi, Wareno na kijana wa Madagaska. Nilipotaja Nairobi, bradha mmoja mzee akaniambia alikuwepo mkutano wao wa vijana wa mwaka 2008. Akaanza kuniuliza kuhusu mitaa ya Eastlands. Mzungu mwenye mvi, huko milimani, anauliza habari za Eastlands!

Binti wa Mkunazini, Manchester

Asalaam alaykum nyote. Najua wengi hapa ni Wakristo, lakini mada ni ya vuli na imani, nami nina langu.

Kwa Muislamu, vuli ya Kaskazini inaonekana kwanza kwenye ratiba ya sala. Unguja maghribi ni saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima, hujishughulishi. Manchester nilipofika Septemba magharibi ilikuwa baada ya saa moja usiku. Mwanzo wa Novemba ikawa saa kumi na nusu, na Disemba jua linazama kabla ya saa kumi. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana ndani ya mihadhara miwili. Nilikuwa nashika tama kwenye ngazi za maktaba natafuta pa kutandika mswala, mpaka dada mmoja wa Kisomali akanionesha chumba cha sala chini ya jengo la wanafunzi. Wageni wa mwaka huu, siku ya kwanza kabisa ulizeni chumba cha sala kiko wapi, kabla hata ya kuuliza kantini.

Jumuiya ya wanafunzi Waislamu ilitupeleka wikiendi Peak District, kina dada peke yetu, nyumba ya kukodi yenye jiko kubwa. Darsa ya tafsiri ya Sura Yusuf, qiyamu, yaani sala za usiku, matembezi milimani kwenye ukungu. Wengi walikuwa wenye asili ya Pakistani, wa madhehebu ya Hanafi. Asubuhi ya kwanza nikasimama nyuma ya dada aliyetuswalisha, rakaa ya pili nikainua mikono kungojea kunuti, dua tunayoisoma tumesimama kabla ya kusujudu, naye akaenda moja kwa moja kusujudu. Sisi wa madhehebu ya Shafii, sala ya subhi bila kunuti hatujaizoea. Baada ya sala nikamuuliza, akaketi nami akanieleza ya kwao, nikamweleza ya kwetu, na mwenzetu wa Kituruki akatia lake. Nimesoma Kurani chuoni kwa bibi miaka mingi, lakini sijawahi kuhisi kwamba ninachokijua kinamfaa mtu mwengine. Siku ile dada yule aliniomba nimwandikie dua ya kunuti nzima. Alasiri nayo wao wanaichelewesha kuliko sisi, basi tukapanga sala mbili za jamaa bila mtu kununa.

Usiku nikawapikia pilau. Iliki na mdalasini nilikuwa nazo kwenye begi, mama alinifungia. Chukueni viungo, jamani, ni vyepesi na havikai nafasi.

Kaka wa Goma

Nasoma Marekani, jimbo la Indiana, kwa msaada wa masomo. Mwaka 2025 nilianza Agosti. Mwanzo wa mwaka ule mji wetu ulikuwa umeingiliwa na waasi, mabenki yamefungwa, na nyumbani hawana namna ya kunisaidia wala mimi kuwasaidia. Oktoba mahindi yanavunwa, mashamba yanabaki wazi mpaka mwisho wa macho, na mimi darasani sisikii kitu mwalimu anasema.

Kanisa la wanafunzi Wakatoliki likanipeleka mafungo. Kumbe waandaaji huwa wanaomba familia za washiriki waandike barua kwa siri. Jumamosi usiku, baada ya moto wa nje, kila mtu akapewa bahasha yake. Nilikuwa nimeshajipanga kutoka nje, niliamini yangu haipo. Dada yangu mkubwa alikuwa ameandika kwa kalamu, kurasa mbili, akapiga picha kwa simu siku mtandao ulipokubali. Ameanza Kifaransa, ameishia Kiswahili. Sitaweka hapa alichosema. Niliirudia mpaka wenzangu wakalala.

Mdau wa Kampala

Mimi yangu ni fupi na ni onyo. Si kila mafungo ni mafungo. Kuna kikundi kilinialika mji fulani wa Ulaya, wikiendi "ya bure". Jioni ya kwanza simu zetu zilikusanywa, usingizi tulinyimwa, na Jumapili tukatakiwa kuahidi sehemu ya kumi ya posho ya masomo. Niliondoka kwa miguu hadi kituo cha treni. Kabla ya kwenda uliza: nani anaongoza, kanisa au msikiti gani unamtambua, bei ni ngapi kwa maandishi, na je, naweza kuondoka Jumamosi nikitaka? Akikwepa swali la mwisho, usiende.

Wa Machame, Leipzig

Mdau, asante, na pole sana. Maswali yako manne nayaweka kwenye kundi letu la wageni wa mwaka huu leo hii. Binti wa Mkunazini, hapa Leipzig kuna dada wa Tanga aliyefika wiki iliyopita na bado anasali ngazini. Nitamtafutia chumba kesho, na nikikuletea namba yake tafadhali mpigie. Nyar Kisumu, poleni na msiba wa nyanya. Tuko wanne tunaofikiria kuja Taizé wikiendi hiyohiyo ya Watakatifu Wote. Tuandikie basi la mwisho kutoka Mâcon siku ya Ijumaa ni saa ngapi, maana treni yetu inachelewa kufika.