Naomba ushauri: nipo nje ya njia ya kivuli iliyotabiriwa, je, nirekodi kufichwa kwa nyota au niache?

MtazamaAnga:
Habari zenu wanajukwaa. Wiki mbili zijazo, gimba dogo lililo ng'ambo ya Neptuni, mbali na Jua takriban mara 40 kuliko Dunia, linatarajiwa kupita mbele ya nyota ya daraja la 14 la mwangaza, yaani hafifu mno kwa macho matupu, na kuificha kwa muda mfupi. Kipenyo chake kinakadiriwa kuwa kilomita 400, na kivuli chake kitakatiza uso wa Dunia kwa kasi ya kilomita 22 kwa sekunde, hivyo aliye katikati ya njia hataiona nyota kwa sekunde 18 hivi. Mimi nipo kilomita 450 kutoka mstari wa kati, na utabiri una kosa la kawaida (kiasi ambacho mstari halisi huweza kupotoka) la kilomita 300. Nina darubini ya sentimita 20 na kamera isiyo na GPS. Je, nirekodi hapa nilipo, nisafiri kuufuata mstari, au niache?

Kimondo:
Ndugu MtazamaAnga, rekodi. Ukikokotoa kwa mtawanyiko wa kawaida wa makosa, uwezekano wa kivuli kukupitia ni takriban asilimia 19, lakini hata aliyesimama juu ya mstari wenyewe hafikishi zaidi ya asilimia 50, kwa kuwa kivuli kinaenea kilomita 200 tu kila upande. Nafasi za nyota tunazijua vizuri mno tangu chombo cha angani cha Gaia kilipotoa orodha zake, ya mwaka 2022 ikiwemo. Shaka iliyobaki ni ya gimba, ambalo huchukua zaidi ya miaka 200 kulizunguka Jua na limefuatiliwa katika kipande kidogo tu cha njia yake. Kwa umbali huo, kukosea sehemu moja ya mia ya sekunde ya tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja) ni kukosea kilomita 290 hapa duniani. Kwa hiyo usifunge safari sasa. Subiri utabiri utakaohuishwa kwa picha za siku za mwisho, kwani mstari unaweza kusogea kukufuata au kukukimbia.

Usidhani pia kwamba asiyeona kitu amepoteza usiku, maana yeye ndiye anayeweka mpaka wa kivuli. Kwa Arrokoth, gimba jingine dogo la ng'ambo ya Neptuni, timu zilizotawanywa Argentina na Afrika Kusini tarehe 3 Juni 2017 hazikuiona nyota ikitoweka. Tarehe 17 Julai darubini 5 nchini Argentina zikanasa kivuli chake, na vipimo vyake vikadokeza umbo la matumba mawili yaliyoungana, ambalo chombo cha angani cha New Horizons kililithibitisha kilipopita karibu nalo tarehe 1 Januari 2019.

BintiFalaki:
Naafikiana na Ndugu Kimondo, ila kinachonitia wasiwasi ni saa yako kuliko mahali ulipo. Saa ya kompyuta ikikosea sekunde moja, kipande chako cha kivuli (mstari mmoja unaokata kivuli pale ulipo) kitahama kilomita 22 kikilinganishwa na vya wenzako. Urefu wake utabaki sahihi, lakini umbo la gimba litakalochorwa kutokana na vipande vyote litapinda. Tafuta kipokezi cha GPS kinachochapa muda juu ya kila fremu, na usiutegemee muda ulioandikwa kwenye jina la faili, kwa sababu huo mara nyingi ni wakati kompyuta ilipohifadhi picha, si wakati mwanga ulipoingia. Ukikikosa kabisa, linganisha saa kupitia intaneti kabla na baada ya tukio, kisha utaje waziwazi katika ripoti yako kwamba ulifanya hivyo.

Anza kurekodi dakika 5 kabla na uendelee dakika 5 baada. Gimba linaweza kuwa na pete, nayo pia huweza kuifanya nyota ififie: pete ya Quaoar, gimba jingine la ng'ambo ya Neptuni, iliyotangazwa mwaka 2023 ipo kilomita 4,100 hivi kutoka kitovu chake. Kwa kasi uliyotaja, huo ni mwendo wa dakika 3. Naona hii peke yake ni sababu tosha ya kurekodi ukiwa nje ya njia.

MtazamaAnga:
Nawashukuru sana. Kipokezi nitakiazima. Je, kila fremu iwe ya nusu sekunde au ya sekunde nzima?

Kimondo:
Jaribu usiku uliotangulia, nyota hiyohiyo ikiwa kwenye kimo kilekile, uchague muda mfupi kabisa ambao bado unaiona bila shaka katika kila fremu. Gimba lenyewe ni hafifu mno kuonekana kwa darubini yako, kwa hiyo nyota itazimika kabisa, haitapungua kidogo tu. Hakikisha nyota nyingine ya mwangaza kama huo imo ndani ya picha: wingu likipita zitafifia zote mbili, kivuli kikipita itazimika moja.