Mikeka iko kwa nani

ALHAMISI

*Da Mkubwa amebadilisha jina la kikundi kutoka "Ukoo" kuwa "JUMAMOSI SAA 12 KAMILI"*

Da Mkubwa 19:43
Habari za jioni wote. Nimeshapanga. Jumamosi hii saa 12 kamili asubuhi tunaanza kumsindikiza Da Kati mazoezini, maana tiba ya saratani ameshamaliza. Nusu saa kutembea, kisha yoga sebuleni kwangu. Video ninayo. Kila mtu aje na viatu vya maana, si kandambili. Kaka nakuangalia wewe.

Da Mkubwa 19:44
Aliyesoma aandike NIPO.

Da Mkubwa 20:02
Tiki za buluu nimezihesabu ziko saba. NIPO hakuna hata moja.

Wifi 20:10
Nipo. Ila saa 12 bado giza dada.

Kaka 20:31
Kandambili zangu ziheshimiwe. Zimefika hospitali mara nne. Kuna viatu vya ngozi havikufika hata mara moja.

Da Mkubwa 20:32
Usianze.

Kaka 20:32
Sijaanza. Nimetaja viatu tu.

Mjomba 20:40
*Imesambazwa mara nyingi*
TAHADHARI!! Aliyeugua saratani ASITOE JASHO, jasho huusambaza ugonjwa mwilini. Tuma kwa watu 10 uokoe maisha.

Binamu wa Fizio 20:55
Shikamoo Mjomba. Huo ni uongo, tafadhali usiwatumie hao 10. Kazi yangu ni tiba ya viungo, nakuhakikishia jasho halisambazi saratani. Mwongozo wa kimataifa wa 2019 wa mazoezi kwa waliougua saratani unasema hivi: kama shida ni hofu, huzuni au uchovu, dakika 30, mara 3 kwa wiki, angalau wiki 12. Mwendo wa kukufanya uheme lakini bado unaweza kuongea. Kutembea kunatosha kabisa.

Mjomba 20:57
Marahaba. Nimeshatuma kwa 14.

Da Mkubwa 20:58
Umeona? Ndicho ninachosema siku zote. Na yoga inaponya kila kitu.

Binamu wa Fizio 21:04
Haiponyi kila kitu dada. Saratani haiponyi, tusimdanganye mtu. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State wa 2014: wanawake 200 waliomaliza tiba ya saratani ya matiti, nusu wakafanya yoga wiki 12, mara 2 kwa wiki, dakika 90 kila kipindi. Miezi 3 baadaye uchovu wao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao. Lakini kwenye sonona, yaani huzuni nzito, makundi hayakutofautiana. Tafiti nyingine zimeona yoga inapunguza hofu na inasaidia usingizi. Ndiyo maana nasema tuifanye, ila tuiite kwa jina lake.

Da Mkubwa 21:05
Dakika 90 sebuleni kwangu haziwezekani. Nimepanga 40.

Mjomba 21:09
Hiyo yoga si ibada ya watu?

Wifi 21:11
Ni kujinyoosha na kupumua tu Mjomba. Nia unayo mwenyewe.

Kaka 21:15
Nimefungulia hiyo video. Mwisho kabisa kuna mkao wa kulala chali bila kutikisika, unaitwa mkao wa maiti. Huo mimi ni bingwa, naufanya kila Jumapili tangu nioe 😂

Wifi 21:15
Shahidi ni mimi.

Da Mkubwa 21:16
Neno hilo lisitajwe humu. Mna akili kweli nyie? Da Kati anasoma.

Da Mkubwa 21:17
Haya. Nani anabeba mikeka? Iko mitatu.

Kaka 21:19
Yeyote isipokuwa Shangazi. Shangazi hata mtoto hajawahi kubeba 😂😂

Kitinda 21:20
😂😂😂 mimi ni ushahidi unaotembea

Wifi 21:24
Shangazi yumo humu jamani. Tangu mwaka jana.

Kaka 21:25
Nimefuta.

Wifi 21:26
Umejifutia wewe mwenyewe. Sisi bado tunauona.

IJUMAA

Shangazi 05:21
🎤 *Ujumbe wa sauti, 2:06*

Kitinda 06:40
Nimeandika alichosema Shangazi, kwa wasio na bando. Sijaongeza neno.

"Kaka, ujumbe wako niliuona kabla hujaufuta, na sasa hivi bado nauona. Wewe nilikubeba mgongoni mpaka ukaota meno, kwa hiyo usiseme uongo. Niliyemkataa ni Kitinda. Mwaka 1994 nilitolewa ziwa la kulia pamoja na tezi za kwapani. Baba yenu alijua. Mama yenu hakuambiwa, mimi ndiye nilikataa aambiwe. Daktari alisema mkono huu usibebe kitu, ukibeba utavimba wala hautarudi. Kitinda alipozaliwa mama yenu alininyooshea mtoto, nikarudisha mikono nyuma. Mbele ya watu. Akaona namdharau. Aliondoka duniani na hilo moyoni. Sasa mwenzenu amepona, msimlee kama yai. Mimi nimelelewa kama yai miaka yote hii. Hayo tu."

Kaka 06:58
Shikamoo Shangazi. Nisamehe.

Shangazi 07:02
Marahaba.

Binamu wa Fizio 07:24
Shikamoo Shangazi. Ulichoambiwa ndicho walichoambiwa wengi enzi hizo, na waliowaambia waliamini hivyo. Mwaka 1996 kule Vancouver, Kanada, daktari wa tiba ya michezo, Don McKenzie, aliwapandisha wanawake 24 waliotibiwa saratani ya matiti kwenye mashua ndefu wapige makasia, kazi ya nguvu za mikono. Hakuna aliyevimba mkono upya. Mwaka 2009 ukatoka utafiti wa Marekani wa kunyanyua vyuma, wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba. Walionyanyua walianza na uzito mdogo sana, wakapanda taratibu, wamevaa soksi ya mkono, ile ya kubana. Uvimbe haukuzidi, na mikono yao iliwasumbua mara chache kuliko ya wenzao.

Shangazi 07:31
1996.

Shangazi 07:33
Sawa.

Mjomba 09:12
Hongereni sana. Amina.

Da Mkubwa 10:15
Shangazi pole sana, tutakuja kukuona. Jamani, ya Jumamosi bado yapo palepale. NIPO ni moja tu mpaka sasa.

Da Kati 13:05
📷 *Picha*

Da Kati 13:06
Shikamoo Shangazi. Nimesoma yote kuanzia jana.

Da Kati 13:09
Huo ni mlango wa jikoni. Nasimama ubavu ukutani, vidole vinatambaa kwenye fremu kama buibui, pale kwapa linapovuta nasimama, nahesabu pumzi tano, napiga alama ya penseli. Nimeanza kwenye usawa wa kiuno.

Kitinda 13:10
Si ndiyo fremu tuliyokuwa tunapimwa urefu?

Da Kati 13:11
Ndiyo hiyo. Juzi nimekupita wewe wa darasa la nne. Namtafuta Kaka wa darasa la saba.

Kaka 13:12
Hunipati, nilisimamia vidole.

Da Kati 13:18
Kaka ule mkao wako nilicheka peke yangu saa tisa usiku. Nilikuwa macho kama kawaida. Jamani niseme kitu. Siku za kemo nilikuwa na tarehe, mionzi nayo ina tarehe, simu zinaita. Zikaisha, mkanipongeza, kila mtu akarudi kwake. Sasa kisigino kikiuma tu nadhani umerudi. Nikikaribia siku ya vipimo ndiyo kabisa, silali. Siku alama ikipanda mlangoni, hata kwa unene wa kucha, nalala.

Da Kati 13:20
Sebuleni kwa Dada mbele ya watu saba siinui mikono. Blauzi inapanda. Mnaelewa.

Da Kati 13:21
Kutembea nataka. Na mtu mmoja. Asiniulize najisikiaje.

Da Mkubwa 13:22
Lakini nimeshawaambia majirani wawili.

Wifi 13:22
Dada!!

Da Mkubwa 13:24
Mtu mmoja nani sasa?

Kaka 13:40
Mimi. Na kandambili.

Da Kati 13:41
Kaka anaongea sana. Lakini kwenye kile kiti cha plastiki cha hospitali ulikaa wewe.

Da Mkubwa 13:55
Kwa hiyo hicho kiti kitasemwa mpaka lini? Nilikuwa kazini. Nilieleza.

Da Kati 13:58
Najua Dada.

Da Mkubwa 14:20
Na mimi nilikuwa naogopa. Hilo sikueleza.

Wifi 14:21
❤️

Binamu wa Fizio 15:30
Da Kati, buibui wa mlangoni ni zoezi sahihi, endelea. Kama kuna kitu kama kamba inavuta kutoka kwapani kwenda kwenye kiwiko, hiyo inajulikana, njoo niione, usiivute kwa nguvu. Na kabla ya mwendo wa kasi mwambie daktari wako. Ile dripu nyekundu ya kemo uliyopewa inaweza kuugusa moyo, yeye ndiye anajua vipimo vyako. Mkono ukiwa mzito au pete ikibana, simama, nipigie. Yoga anza umekaa kwenye kiti. Kutoa pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, basi. Hakuna wa kukuangalia.

Da Kati 15:44
Hiyo ya pumzi nitaifanya saa tisa. Niko macho bure.

Da Kati 15:46
Jumanne labda. Jumamosi sijui. Nitaamka nione.

Da Mkubwa 18:02
"Labda" na "sijui" nitaziandikaje kwenye orodha?

*Kaka amebadilisha jina la kikundi kuwa "JUMAMOSI AU JUMANNE LABDA"*

Da Mkubwa 18:04
Na mikeka iko kwa nani? Hilo tu nijibiwe.

Kitinda 18:30
Kwangu uko mmoja. Miwili Mjomba aliazima.

Mjomba 19:47
Mikeka ipi?

Shangazi 20:51
Kitinda, huyo mtoto wako sasa ana kilo ngapi?

Kitinda 20:52
Saba na nusu, Shangazi.

Binamu wa Fizio 20:54
Shangazi tuanze na kilo moja. Na mkono niuone kwanza.

Shangazi 20:57
Wewe sijakuuliza.

Shangazi 21:06
Njoo na soksi hiyo ya mkono uliyoitaja.

Kitinda 21:07
Nimlete kesho?

Da Mkubwa 21:09
Kwa hiyo kesho tuko wangapi?