Klachi ya trials inanata asubuhi, na hii adhabu ya pointi 5 kwa kusimama ni haki?

Mgeni_wa_Matope: Wakuu, niko huku Uingereza nimevuta pikipiki used ya trials (ule mchezo wa kupita vikwazo bila kugusa mguu chini), sasa asubuhi nikitia gia ya kwanza inaruka mbele hata kama nimebana klachi yote, juzi nimegonga ukuta wa jirani mzee wa watu kaniangalia tu. Halafu Jumapili mashindanoni nimepigwa pointi 5 za adhabu eti nimesimama, na mguu sijagusa chini!

FundiGrisi: Pole mkuu. Pleti za klachi zimegandana na oili ya baridi. Kabla hujawasha tia gia, bana klachi, isukume mbele na nyuma mpaka ziachie. Ikigoma mwaga oili weka mpya. Na tairi la nyuma upepo psi 4 au 5 tu, usijaze kama bodaboda.

Mbishi77: 5 ulistahili bana. FIM, shirikisho la pikipiki la dunia, waliirudisha nonstopu (sheria ya kutosimama) ubingwa wa dunia 2013. Mguu ukigusa chini mara moja pointi 1, mara mbili 2, kuanzia tatu ni 3 hata upige makasia kwa miguu mara kumi. Ukiona unakwama si uguse ulipe 1 usonge?

Mgeni_wa_Matope: Sawa, ila refa mwenyewe alikuwa anapenga kamasi, kaonaje tairi limesimama?