Miaka 14 jikoni kambini, leo naambiwa kiinua mgongo ni siku 7!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nimepika kambi za watalii miaka 14, Serengeti na Tarangire, kampuni ofisi zake ziko Njiro hapa Arusha. Kanuni za kazi tulizopewa siku ya kuajiriwa zinasema ukipunguzwa unalipwa kiinua mgongo cha mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka uliotumikia. Mwaka 2020 corona ilipokausha wageni tulikubali nusu mshahara ili kampuni isife.

Aprili hii, masika, kambi zimefungwa, tukaitwa ofisini mmoja mmoja. Afisa utumishi ana karatasi: kuanzia sasa kiinua mgongo ni siku 7 kwa mwaka, mwisho miaka 10. Saini, ndipo mshahara wa Machi uingie. Wenye ada za watoto walisaini, na siwezi kuwalaumu. Wiki tatu baadaye orodha ya kupunguzwa ikatoka, sisi wa zamani ndio tumejaa humo.

Pigeni hesabu. Mshahara wangu 520,000. Kwa kanuni tulizoajiriwa nazo ni 7,280,000. Kwa karatasi yao, 520,000 gawa kwa siku 26 ni 20,000, mara 7, mara 10: 1,400,000. Miaka yangu minne imeyeyuka.

Eti "ndiyo sheria". Uongo mchana kweupe! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema isipungue siku 7. Hicho ni kiwango cha chini, haijamkataza tajiri kutimiza alichoahidi mwenyewe kwa maandishi. Sheria hiyo hiyo inamtaka ashauriane nasi kabla ya kubadili masharti ya ajira, na kabla ya kupunguza watu. Kuonyeshwa pa kusaini huku mshahara wako umeshikiliwa ndiyo kushauriana?

Mliopata barua msikae kusubiri huruma. Madai ya kuachishwa isivyo halali yanafikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Dai na notisi, likizo ambayo hukwenda, na cheti cha utumishi.

Mimi sijasaini. Barua yangu leo ina siku 11, Jumatatu nakwenda kujaza fomu. Kitabu changu cha kanuni kilibaki kambini. Kama kuna tuliyefanya naye kazi bado anacho, apige picha kila ukurasa anitumie PM, hata usiku.