Darasa la III lina watoto 108 na theluthi hawajui kusoma: mnalipangaje?

Mwl_Uvinza:
Habari za jioni walimu. Darasa la III, watoto 108, madawati 30, chumba kimoja, mwalimu mmoja. Vitabu vya Kiswahili 18. Theluthi hivi bado wanakwama kwenye silabi, na azimio la kazi (mpango wa mada za muhula) linataka waandike aya. Nikiwafundisha wanaojua, wengine wanacheza. Nikirudi nyuma, wanaojua ndio wanaanza kelele. Kazi ya vikundi ndiyo usiseme. Naomba mbinu zinazotekelezeka, si zile za semina zinazodhani darasa lina watoto 45.

Chaki_Kaliua:
Mkuu, kabla ya vikundi pima kwanza. Jicho linadanganya: mtoto anayeitikia pamoja na wenzake unaweza kumhesabu kuwa anasoma. Andaa karatasi moja yenye herufi 10, silabi 10, maneno 10 na aya ya sentensi 4. Silabi zichanganye (bo, ke, mu, ta), maana ukiandika ba-be-bi-bo-bu atakuimbia zote bila kuangalia hata moja. Tengeneza na karatasi ya pili yenye mpangilio tofauti, kwani anayesubiri mlangoni anasikia majibu ya aliyetangulia.

Waite mmojammoja barazani huku wengine wakinakili kazi. Dakika 2 zinatosha. Akipata 8 kati ya 10 anapanda ngazi. Akishindwa, andika alipokwama na umwite mwingine. Usimsahihishe hapo, utamaliza wiki mbili. Watoto 22 kwa siku ni kama dakika 45, siku 5 umemaliza.

Kisha wakalishe kwa ngazi ndani ya chumba hichohicho: wa herufi na silabi mbele, wa maneno katikati, wa aya nyuma na vile vitabu 18, wawili kitabu kimoja. Kipindi cha dakika 40 kigawe hivi: 5 kusoma wote ubaoni, 15 uko na wa mbele, 10 na wa kati, 5 unasikiliza wa nyuma, 5 kusahihisha. Wa mbele wakuone kila siku. Wengi tunafanya kinyume, tunasimama na wanaojua kwa sababu wanatujibu.

Kadi za silabi usinunue manila. Ubavu wa katoni wa sentimita 40 kwa 30 unatoa kadi 16 za 10 kwa 7, na ukiandika pande zote mbili zinakuwa 32. Ubaoni herufi isipungue upana wa vidole vinne, la sivyo wa nyuma wanabahatisha.

Bibi_Ubao:
Nakubaliana na Chaki, ila mpangilio huo utavunjika siku ya kwanza kama watoto hawajafundishwa kuhama na kunyamaza. Utaratibu nao ni somo. Wiki ya kwanza fanyeni zoezi la kuhama tu, bila kadi wala vitabu, mpaka wahame ndani ya dakika 2. Chagua ishara moja, makofi ya mdundo ambao wanaumalizia, halafu unyamaze kweli. Mwalimu anayepiga makofi huku anaendelea kuongea anawafundisha kwamba ishara haina maana.

Madaftari yagawiwe na mtoto wa mwisho wa kila safu, wakati wa kukusanya yaje yakiwa wazi kwenye ukurasa wa kazi. Kufunua madaftari 108 kutafuta ukurasa kunakula muda kuliko kusahihisha kwenyewe. Toa maswali 5, si 10. Sahihisha mwenyewe madaftari 27 kwa siku, kwa siku 4 umeyapitia yote. Yanayobaki siku hiyo wabadilishane na kusahihishana kwa majibu ya ubaoni.

Acha njia ya nusu mita kati ya safu. Mwalimu asiyeweza kupita anaishia kupiga kelele akiwa mbele. Wanaokaa chini wabadilishwe kila Jumatatu, wasiwe walewale.

Kiranja mwenye fimbo umwondoe leo. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinampa ruhusa mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, visizidi 4, na viandikwe. Mtoto hayumo.

Kasulu_Juu:
Swali la azimio hamjaligusa. Huo mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika darasa la III Januari 2024, unataka umahiri, yaani mtoto aweze kutenda, kwa hiyo kurudi kwenye silabi si kosa. Kosa ni kurudi kimyakimya. Andalio la somo (mpango wa kipindi) lionyeshe shughuli ya kila ngazi, na kwenye safu ya maoni ya azimio andika watoto wangapi wamefikia umahiri na wangapi bado. Mdhibiti ubora (mkaguzi wa shule) akikuta andalio linasema aya na madaftari yanasema silabi, hapo ndipo shida inapoanza. Asiyesoma hata Historia ya Tanzania na Maadili itampita, haijalishi unaifundisha vizuri kiasi gani.

Pia angalia siku ya gulio. Mahudhurio yakishuka usianzishe sauti mpya, fanya marudio. Huko Kaliua nadhani ni hivyohivyo wakati wa kuchuma na kukausha tumbaku.

Chaki_Kaliua:
Ndivyo. Mabani ya kukaushia tumbaku yakiwaka, safu nzima inakuwa tupu.

Mgebuka:
Angalizo: mkiyapa makundi majina ya samaki, Kuhe, Migebuka na Dagaa, na Dagaa wakawa wa silabi, watoto watajua kabla ya kengele ya mapumziko. Tumieni rangi, na mpime upya kila baada ya wiki 4. Kundi lisilohamisha mtu limekuwa jela.

Na wengi wanaingia shule na Kiha tu. Kabla ya aya, chukua maneno 5 magumu, onyesha kitu chenyewe au tendo. Mtoto anaweza kutamka sentensi nzima bila kukwama na asijue inasema nini.

Mwl_Uvinza:
Asanteni sana. Naanza na kupima. Moja tu: mvua ikipiga bati hapa sauti haisikiki kabisa, kuanzia Novemba. Vipindi hivyo vinaenda wapi?

Bibi_Ubao:
Weka tayari kazi ya mvua. Wa mbele wapange kadi kuunda maneno unayoyachora ubaoni, wa kati wanakili na kujaza silabi iliyokosekana, wa nyuma wajibu maswali ya aya kwa maandishi. Wewe zunguka, mguse bega anayekosea, umwonyeshe kwa kidole. Makofi hayatasikika, kwa hiyo wafundishe ishara ya mkono mapema, kabla mvua hazijaanza.